Kovu la Pingu

Shaushi Abasi bin Mwinshehe, askari wa serikali ya Wajerumani, aliikuta maiti bado ina joto kwapani. Akaupangusa mkono kwa kitambaa, akaandika kwenye kijitabu chake: Jumatano, saa moja na robo asubuhi. Mwaka ulikuwa 1913, masika yalikuwa yanaishia, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mapaa ya nyasi ya banda lililojengwa nyuma ya zahanati ya mgodi, pale Kilakala.

Marehemu aliitwa Stefano, Mluguru wa milimani, mtu wa makamo. Alikuwa mchimbaji wa ulanga katika mgodi wa Bwana Trautz, yale mawe yanayobanduka vipande vyembamba vyenye kupitisha mwanga kama kioo, ambayo Wajerumani walikuwa wakiyapeleka kwao ndani ya masanduku. Homa ilimshika Jumatatu jioni, naye alifariki alfajiri ya Jumatano. Msimamizi wa zahanati alipofungua bendeji ya mguu alikuta unga mweusi ambao haukutoka katika kabati la dawa. Nje, chini ya upenu, alikuwa ameketi mganga mmoja mzee, Bibi Pili, aliyeteremka kutoka mlimani pamoja na mke wa marehemu. Kabla jua halijapanda vizuri, bibi huyo alikuwa amekwisha kutiwa korokoroni.

Bwana Shauri, Mjerumani aliyekuwa akihukumu kesi za wenyeji, alimwita Abasi akampa maagizo bila kuinua macho. Alisema jambo lenyewe liko wazi, ajuza wa milimani ametia sumu kwenye kidonda. Baraza lingekaa Jumamosi. Alichokitaka ni ushahidi ulioandikwa sawasawa, kwa sababu hukumu ya kunyonga husomwa na wakubwa Dar es Salaam, na wakubwa huuliza maswali. Kazi ya Abasi ilikuwa kuyajibu kabla hayajaulizwa.

Ndani ya banda alibaki na Alois, mfunga vidonda wa zahanati, kijana wa misheni mwenye mikono safi na macho yaliyokesha.

"Alitapika?" Abasi aliuliza.

"Hapana."

"Alitoa povu? Aliharisha?"

"Hapana, Shaushi. Alitetemeka, akawaka moto, akawa anamwita mama yake. Hadi asubuhi ya leo."

Abasi aliifunua shuka. Kidonda kilikuwa kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Nyama ilikuwa imeota juu ya nyama, ikafumuka na kupasukapasuka kama uyoga kwenye gogo lililooza, na unga mweusi ulikuwa umeganda kwenye mifereji yake. Mtu mwingine angeinamia hapo. Abasi alianzia mbali. Paja lilikuwa limevimba hadi ngozi ikang'aa, jekundu lenye kuelekea weusi, na wekundu huo ulikuwa na ukingo unaoonekana wazi, kama mpaka uliochorwa. Akaufuata ukingo kwa kidole, akashuka nao kupita goti, mpaka kwenye shavu la mguu. Hapo, kwenye ngozi iliyokuwa nzima, alikuta tundu dogo la sindano. Wekundu ulianzia kwenye tundu hilo, ukapanda juu.

Chini ya tundu hakukuwa na wekundu hata kidogo. Palikuwa na kovu, jeupe na gumu kama ngozi iliyowambwa, lililouzunguka mguu wote. Ule uvimbe uliotisha ulikuwa umeota katikati ya kovu.

Akaandika: Unga uko chini. Ugonjwa uliomuua umeanzia juu. Kati ya hivyo viwili hakuna alama.

Kisha akachukua uzi apime upana wa kovu. Akaandika namba kwanza, ndipo akausoma uzi. Namba ilikuwa sawa.

Mke wa marehemu, Scholastika, alikuwa amesimama uani akiwa amejitanda kaniki. Abasi alimpa pole, akamuuliza maswali sita. Je, Bibi Pili aliitwa na nani? Je, alimpa mgonjwa kitu cha kunywa? Je, walikuwa na ugomvi? Mwanamke alijibu ndiyo na hapana, akamtazama usoni muda wote, na hakulia mbele yake.

*

Korokoroni Abasi alichuchumaa mbele ya bibi badala ya kumsimamisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Alikunjua karatasi yenye unga mweusi, akaiweka sakafuni kati yao. Bibi Pili alilowesha kidole, akachovya, akalamba. Akachovya tena. Akaeleza bila haraka kwamba ni mkaa wa gamba la mti, umesagwa na kuchanganywa na asali, na kazi yake ni kuua harufu. Watoto wa Stefano walikuwa wameacha kula naye sinia moja kwa sababu ya harufu ya mguu. Kumponya hakuweza, lakini aliweza kumfanya baba ale na wanawe, na hilo ndilo alilolifanya.

"Kwa nini hukukitibu kidonda chenyewe?"

"Nilitazama pembeni."

"Pembeni pa nini?"

"Pa kidonda. Ninyi mnatazama katikati, panapotisha. Mimi nabonyeza pembeni. Pakiwa laini, damu ikarudi ukiondoa kidole, basi dawa ina mahali pa kupita, na mwili nao una mahali pa kusimama ukapigana. Huyu pembeni pake palikwisha kufa miaka mingi. Kile kitu kilikuwa kimejengewa ukuta, kimekaa ndani kinakula." Alifuta kidole kwenye kaniki. "Nilimwambia aende akakatwe mguu, mapema. Akaenda. Wakamwambia wataponya bila kukata."

Abasi hakuishia kwenye maneno yake, maana maneno ya mshtakiwa hayana uzito kwenye faili. Aliuchanganya unga na pumba, akamlisha jogoo wa mlinzi wa korokoro mbele ya mashahidi wawili, akawapigisha dole gumba kwenye karatasi. Kesho yake alfajiri jogoo aliwika kama kawaida. Hilo nalo akaliandika, pamoja na saa.

*

Bwana Daktari, Mjerumani wa zahanati, hakuwepo. Alikuwa mwajiriwa wa mgodi, na alipanda treni ya Jumatatu asubuhi kwenda Dar es Salaam. Alhamisi Abasi alimtaka Alois afungue daftari la wagonjwa wa uvimbe. Abasi alikuwa amesoma shule ya serikali pwani, akajua Kijerumani cha amri na cha tarehe. Maneno ya kidaktari alisomewa na Alois.

Daktari alikuwa akijaribu tiba moja iliyokuwa ikizungumzwa kwao Ulaya. Alichukua usaha wa mtu mwenye homa ya ngozi nyekundu, akaufuga kwenye chupa, kisha akaudunga penye uvimbe. Maana yake ilikuwa kuwasha homa mahali pale makusudi, ili damu ikimbilie hapo kwa wingi, nayo ikifika iutafune uvimbe. Ugonjwa wenyewe yeye aliuita kaa, kwa lugha yake. Abasi alisema watu wa pwani wanauita saratani, na kwa Kiarabu maana yake ni hiyohiyo.

Daftari lilionyesha kwamba siku moja, kwa chupa moja, walidungwa watu wawili. Nambari sita alikuwa Dolat, mke wa Fidahussein mwenye duka la vitambaa Mwembesongo. Nambari saba alikuwa Stefano.

Abasi alikwenda Mwembesongo kwa miguu. Dolat alimpokea dukani mumewe akiwepo, akateremsha mtandio kidogo tu, hadi chini ya taya. Alisimulia kwamba hapo palikuwa na uvimbe mkubwa kama ndimu, na ulikuwa laini, ukisukumwa unasogea. Baada ya sindano shingo yote iliwaka kama imepakwa pilipili, akalala na homa siku tatu, akawaaga watoto. Siku ya nne uvimbe ulianza kuyeyuka kama samli karibu na jiko. Sasa palibaki kitu kidogo kisichozidi punje ya choroko. Abasi aliangalia ile ngozi, ilikuwa na jasho na uhai, mishipa ikionekana kwa chini.

Dolat alimuuliza habari za yule bwana wa mguu. Siku ile bwana huyo alikuwa mbele yake kwenye benchi, akamwona yeye Dolat anatetemeka, akampisha aingie kwanza akamalize hofu. Abasi alimwambia kwamba amefariki. Yule mama aliinuka, akashusha jora la bafta nyeupe, akapima urefu wa sanda. Fidahussein alitazama kitambaa kikikatwa.

Njiani kurudi Abasi aliyapanga mambo. Chupa moja imeponya mmoja na kuua mwingine. Ama chupa ilibadilishwa, na basi kuna mwenye mkono uliobadilisha, au chupa ni ileile na tofauti iko kwa waliodungwa. La kwanza lilikuwa jepesi kuliuliza, akaanza nalo. Alimkuta Alois akichemsha bendeji, akamwamuru aepue sufuria, akae.

"Ufunguo wa kabati la dawa anao nani?"

"Daktari. Na mimi."

"Daktari aliondoka Jumatatu asubuhi."

"Ndiyo."

"Tundu la sindano lililoko kwenye shavu la mguu ni la lini?"

Alois alitazama sufuria. Mvuke ulikuwa unapungua.

"Nimekuuliza."

"La Jumatatu mchana."

"Daktari akiwa kwenye treni."

"Ndiyo, Shaushi."

"Basi ni mkono wako."

Kijana hakukana. Alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa kitabu cha sala, na ndani yake akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa amri ya Daktari, kwa mwandiko wake, yenye tarehe ya Jumapili: nambari saba adungwe sindano nzima, juu ya kovu, kwenye nyama hai. Alois alieleza kwamba kabla ya hapo Stefano alikuwa amedungwa mara tatu. Ya kwanza ilikuwa sawa na ya Dolat, ya pili maradufu, ya tatu mara tatu. Zote zilichomwa kwenye kovu penye uvimbe, na zote hazikuleta kitu, wala homa, wala wekundu. Ilikuwa kama kudunga kiatu. Daktari akakata kipande chembamba cha nyama, akakiweka chini ya darubini inayokuza vitu vidogo, akachora alichokiona.

Alois aliufungua ukurasa wa michoro. Upande mmoja ilikuwa nyama ya Dolat, uvimbe katikati, na pande zote mishipa midogo ya damu, mingi kama mizizi ya mgomba. Upande wa pili ilikuwa ya Stefano. Uvimbe ulikuwa karibu sawa na ule. Lakini kilichouzunguka kilikuwa nyuzi nene zilizosongamana kama kamba za mkeka, tabaka juu ya tabaka, na mshipa hata mmoja haukuonekana. Chini yake Daktari alikuwa ameandika mstari mmoja.

"Anasema nini hapa?"

"Anasema dawa haina njia ya kuingia. Na anasema kovu lenyewe ndilo lililoulea ugonjwa. Jeraha lililokaa miaka bila kupona, likichubuliwa kila siku, linaugeuza mwili unaolizunguka, na mwili ukishageuka hivyo uvimbe unapata makao."

Abasi aliusoma tena ule mstari mwenyewe, neno kwa neno, kwa kidole.

"Aliandika lini?"

"Ijumaa."

"Jumapili akaamuru udunge."

"Alifikiri ukidunga juu, penye damu, damu itaishusha dawa mpaka kwenye uvimbe. Lakini damu haiendi pasipo na njia. Ilikwenda ilikoweza, ikapanda juu. Sindano nzima, Shaushi. Dolat alipewa sehemu ya nne yake."

"Na wewe uliusoma mstari huu kabla?"

"Niliusoma Ijumaa," alisema Alois. "Jumatatu nikashika sindano."

Abasi alimwacha alie kwa muda uliohitajika kunoa penseli. Kisha akamtaka amsomee nambari nyingine. Nambari moja na tatu zilikuwa uvimbe wa tumbo. Mbili, nne na tano zilikuwa uvimbe wa kifundo cha mguu, kama Stefano, na wote watatu walikuwa watu wa mgodi wa Bwana Trautz, na wote watatu walikwisha kufa. Penye asili ya ugonjwa Daktari alikuwa ameandika maneno mawili yaleyale mara nne: kovu la zamani.

"Kovu la nini?"

"Hakuandika."

Abasi aliandika yeye, katika ukurasa wa tatu wa taarifa yake. Kovu la pingu ya chuma, upana wa vidole vitatu, aina iliyotumika mgodini kwa Bwana Trautz kwa wafungwa waliokodishwa na kwa vibarua waliotoroka. Wanne wamekwisha kufa kwa ugonjwa mmoja, mahali pamoja mwilini.

*

Ijumaa asubuhi Bwana Shauri alizisoma kurasa tatu akiwa amesimama dirishani. Ya kwanza, juu ya unga na jogoo, aliikubali. Ya pili, juu ya kovu na wekundu, aliisoma mara mbili, akasema imeandikwa vizuri kuliko zinazoandikwa na Wazungu wengine. Ya tatu, iliyobanwa pamoja na amri ya Daktari, aliishika muda mrefu. Akauliza kama Abasi aliiandika kwa akili yake mwenyewe au kuna aliyemfundisha. Abasi akajibu kwamba aliiandika mwenyewe.

Bwana Shauri alikaa. Hakupandisha sauti. Alisema mahakama ilimtaka shaushi achunguze sumu, na sumu haikuonekana. Marehemu alikuwa na ugonjwa usio na dawa popote duniani, na ugonjwa huo umemuua. Kwa hilo kurasa mbili zinatosha, na kwa kurasa mbili bibi angetoka leo hii. Lakini kama shaushi anataka kurasa tatu zisomwe, basi shauri lingekuwa kubwa, lingehitaji mtu wa kushtakiwa, na hapo korokoroni alikuwepo mtu mmoja tu. Daktari alikuwa Dar es Salaam. Bwana Trautz alikuwa mgeni wake wa chakula cha Jumapili.

"Chagua kurasa," alisema.

Abasi alitia sahihi kurasa mbili. Ya tatu, na amri ya Daktari iliyobanwa nayo, iliingia kwenye mtoto wa meza, na ufunguo ukazungushwa.

Bibi Pili alipofunguliwa aliomba arudishiwe unga wake. Akaletewa kwenye karatasi ileile. Hakushukuru mtu, na Abasi hakutegemea kushukuriwa.

*

Walipanda mlima pamoja, yeye na bibi, mwendo wa saa tatu. Bibi alikuwa mbele na hakupumzika hata mara moja. Nyumba ya Scholastika ilikuwa kwenye mteremko mkali uliokatwa ngazi za mashamba, na kaburi lilikuwa chini ya migomba, udongo wake bado mwekundu na laini. Bibi Pili aliingia ndani kuwatazama watoto. Scholastika alimtolea Abasi kigoda, yeye mwenyewe akabaki amesimama.

Aliuliza karatasi ya serikali inasema nini. Abasi akamwambia inasema bibi hana kosa, na Stefano alikufa kwa ugonjwa.

"Inasema nani amemuua?"

"Inasema hakuna."

"Na wewe unasema nani?"

Abasi alimweleza yote kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza barazani. Akamweleza chupa moja na watu wawili. Akamweleza ukuta wa kovu, amri ya Jumapili, na mkono wa Alois. Akaeleza pingu. Mwaka 1906, wakati wa vita, Stefano alihukumiwa miezi mitatu kwa kukataa kubeba mizigo ya jeshi, akakodishwa mgodini, na miezi mitatu ikawa miaka mitatu kwa sababu mgodi ulihitaji watu na hakuna aliyeleta karatasi ya kumfungua. Chuma kilimla miaka hiyo yote. Kilipoondolewa, jeraha halikufunga tena, likawa linapona juu na kuoza chini kwa miaka minne, mpaka ugonjwa ukaota humo.

Hapo akainuka kwenye kigoda. Scholastika alingoja.

"Aliyemfunga pingu ni mimi," Abasi alisema. "Nilikuwa bado ombasha, askari wa cheo kidogo, wa msafara wa wafungwa. Nilipigilia msumari wake kwa nyundo. Miezi mitatu ilipokwisha niliuliza, mara moja, nikaambiwa ningoje. Nikangoja, hadi nikahamishwa."

"Alikuambia kinamkata."

"Aliniambia."

"Ukampa kitambaa azungushie ndani. Kitambaa kikaozea humo pamoja na nyama. Alinihadithia." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza njia. "Nilikujua kwa jina tangu Jumatano pale uani. Ulikuwa unauliza, unaandika, unauliza. Nikasema ninyamaze nione. Nilitaka kuona utaishia kwa bibi, au kwa kijana wa sindano, au utafika mpaka kwako."

Abasi alisema ukurasa wa kuthibitisha hayo hauko tena mikononi mwake.

"Mimi sisomi," alisema Scholastika. "Ukurasa ningeufanyia nini? Yupo Salehe, mtoto wa shangazi yake Stefano. Alitoroka mgodini mara mbili. Huu mwaka wa pili yumo ndani ya chuma, mguu uleule. Kamtoe huyo."

*

Jumamosi, saa ambayo baraza lingekaa kumhukumu Bibi Pili, Abasi na Alois walikuwa wanaingia mgodini. Hawakuwa na amri ya mtu yeyote. Walikuwa na karatasi aliyoiandika Alois usiku, yenye mhuri wa zahanati, ikisema kwamba mfungwa huyu ana homa ya ngozi nyekundu inayoambukiza, naye atolewe mara moja. Ilikuwa ya uongo mwanzo hadi mwisho. Mnyapara aliusoma mhuri, akatazama koti la ushaushi, akarudi nyuma hatua nne, akaonyesha kwa fimbo.

Salehe alikuwa ameketi kwenye lundo la vifusi, akibandua ulanga kwa kisu. Alikuwa mwanamume wa miaka isiyozidi thelathini, mwembamba, vumbi la ulanga likimeta kwenye nyusi. Abasi alimwelekeza aweke mguu juu ya jiwe, akaushika msumari wa pingu kwa koleo, akapiga nyundo mara saba. Chuma kilipofunguka kilitoka na ngozi. Salehe aliuma kaniki aliyojifunga, akaachia.

Alois aliosha kidonda kwa maji aliyoyachemsha nyumbani. Kisha hakukitazama katikati. Akaanza kubonyeza pembeni, taratibu, akizunguka mguu wote, na kila alipoondoa kidole alitazama kama rangi inarudi. Upande wa juu ilirudi. Upande wa chini, nyuma ya kifundo, haikurudi. Hapo palikuwa pagumu, na ndani ya ugumu huo kidole chake kilikuta punje kama ya mahindi. Akapapasa kinena, ambako ugonjwa wa mguu hupanda kwanza ukisambaa, akapapasa tena. Hakukuta kitu.

Alimweleza Salehe yote aliyoyajua, kwa maneno mepesi. Alisema labda ugonjwa umeanza na labda bado, lakini kovu limekwisha kuufungia mahali pale, na katika kabati lote la zahanati hakuna dawa itakayopenya. Kilichobaki ni msumeno, chini ya goti, wiki hii, kinena kingali safi. Alimjua padri mmoja wa misheni aliyejua kukata, na yeye mwenyewe angeshika taa.

"Stefano naye mlimwambia hivi?" Salehe aliuliza.

"Bibi Pili ndiye aliyemwambia. Sisi tulimwambia vingine."

Salehe alitazama juu, ng'ambo ya korongo, ambako mashamba yalining'inia mlimani kama nguo zilizoanikwa. Alisema shamba lake ni lile la tatu kutoka juu, lenye maharage. Akasema hakuna ndani yake hatua tano za tambarare, na hata mwenye miguu miwili hulilima huku ameshikilia mizizi. Akauliza mtu wa mguu mmoja atalima wapi.

Alois aliendelea kufunga bendeji ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa.

"Haya," alisema Salehe. "Kateni. Lakini kutembea mpaka huko siwezi."

Abasi alivua koti lake, akampa Alois, akageuka na kuinama. Alihisi mtu nyuma yake anasita. Kisha mikono miwili ilimshika mabegani, na uzito wote ukamjia mgongoni. Njia ya kuteremka ilikuwa na utelezi wa mvua, na Salehe, aliyeijua vizuri kuliko yeye, alianza kumwelekeza pa kukanyaga.